Kipimakina kwenye Ziwa Kivu: dalili, sababu na marekebisho

Kipimakina, mashine inayopima kina na kuonyesha samaki kwa mwangwi wa sauti, kimeundwa kikitegemea kwamba chini ya chombo kuna sakafu, na kwamba sakafu hiyo inafikika. Ziwa Kivu halijali matumaini hayo. Beseni kuu la kaskazini, lile linalotazama Goma, linafika mita 485, na wastani wa ziwa zima ni mita 240 hivi. Samaki nao hawashuki huko. Oksijeni inakwisha kati ya mita 30 na 65 kulingana na msimu, na chini yake yamelala maji mazito yenye kaboni dioksidi na methani, ambamo sambaza, yule samaki mdogo tunayemvua hapa, hawezi kuishi.

Sasa iache mashine ijiendeshe yenyewe kwenye Auto. Inakwenda kutafuta sakafu, inaikosa, inapandisha nguvu, inarefusha kipimo hadi mita 300 au 400, na kundi zima la sambaza lililo mita 30 linabanwa kwenye kamstari kembamba juu kabisa ya kioo. Mvuvi anasema mashine imekufa. Haijakufa, inatazama mahali pasipo na kitu.

Humu tutaita «sonda» kile kipande kinachozama majini, na «kioo» ile sehemu unayoitazama. Majina ya menyu tumeyaweka kwa Kifaransa pale yanapohitajika, maana ndivyo mashine nyingi za kwetu zinavyopangwa.

Anza hapa, dalili yoyote iwayo

Kabla ya kumwita fundi au kununua sonda mpya, weka mpangilio huu kwa mkono. Utakuwa msingi wa kupimia kila kitu kinachofuata.

1. Aina ya maji: maji baridi («Eau douce»), si chumvi.
2. Kipimo: mita. Mashine za mtumba mara nyingi huja kwa futi, na nyingine kwa pima. Ukisoma 33 mahali unapojua ni mita 10, hiyo ni futi.
3. Upeo wa kina («Gamme» au «Échelle»): toa Auto, weka 0 hadi 80. Kwenye beseni la Bukavu, ambalo chini yake iko karibu mita 100, weka 0 hadi 120 kama unataka kuona sakafu pia.
4. Masafa ya sauti: 200 kHz.
5. Alama za samaki («Fish ID»): zima. Vichujio vya kelele na vya uso wa maji: zima vyote kwa sasa.
6. Unyeti («Sensibilité» au «Gain»): toa Auto, pandisha polepole mpaka kioo kizima kijae punje ndogondogo kama unga wa muhogo uliomwagika, kisha rudi chini hatua mbili tatu mpaka punje zibaki chache. Usizimalize zote. Kioo kisafi kabisa ni kioo kilichozibwa masikio.

Hatua ya sita ndiyo watu wanayoikosea zaidi. Hupunguza unyeti ili picha ipendeze, na sambaza, ambaye ni samaki wa urefu wa kidole, hupotea pamoja na uchafu.

Mashine haiwaki, au inazima katikati ya usiku

Pima volti kwenye ncha za waya zinazoingia mashineni, mashine ikiwa imewaka. Usiipimie kwenye batri. Mashine nyingi za volti 12 huzima zenyewe umeme ukishuka karibu na volti 10. Ukipata 12.4 kwenye batri na 10.6 mashineni, kosa liko njiani: kiungio kilichoota kutu ya kijani, nyuzi zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa plastiki, au fyuzi iliyolegea. Kata sehemu yenye kutu, unga upya kwa solda, funika. Tumia waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, na fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye kitabu cha mashine (3 A ni kawaida kwa zile ndogo). Anayeweka kipande cha waya mahali pa fyuzi anaokoa pesa kidogo na kuhatarisha kioo kizima.

Ikiwa inazima saa saba au nane za usiku, fanya hesabu ya batri. Mashine ya inchi 7 hula takriban 0.8 A. Kazi ya kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa 11, yaani karibu Ah 9 (amp-saa). Batri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hiyo unahitaji ya Ah 18 au 20. Ile ndogo ya Ah 7 itakupa saa nne na kidogo, halafu itaanza kufa mapema kila wiki kwa sababu unaikamua.

Ikiwa inazima pale tu motere inapowashwa, ni kwa sababu starta inanyonya batri hiyohiyo. Ipe mashine batri yake.

Imewaka, lakini haisomi kina. Tarakimu zinawaka na kuzima

Tarakimu inayowaka na kuzima si kina cha sasa. Ni kina cha mwisho ambacho mashine ilikuwa na uhakika nacho, pengine dakika tano zilizopita. Nahodha anayekaribia mwamba wa lava akiamini tarakimu hiyo yuko hatarini.

Kwanza jiulize uko wapi. Katikati ya ziwa, kati ya Goma na kisiwa cha Idjwi, kukosa sakafu ni hali ya kawaida kwa mashine ndogo, na hakuna cha kurekebisha. Sogea karibu na pwani, mahali pa mita 10 hadi 20, upime tena.

Ikikosa hata hapo, angalia haya kwa mpangilio:

Sonda imeshikwa na kitu. Upande wa Bukavu, ambako takataka za plastiki husukumwa kuelekea mdomo wa Ruzizi, mfuko mmoja mwembamba ukizunguka sonda unatosha kuifunga kabisa. Inua, toa, osha uso wake kwa sabuni ya kawaida na kitambaa laini. Sabuni ina kazi maalumu: uso wenye mafuta ya motere unashika vipovu vya hewa, na sauti haipiti kwenye hewa. Usisugue kwa sandpepa wala petroli.

Mashine imeambiwa sonda isiyo yake. Menyu ya sonda lazima iendane na aina iliyofungwa. Mashine iliyorudishwa kwenye hali ya kiwandani mara nyingi husahau jambo hili.

Sonda imefungwa ndani ya chombo cha mbao. Ndani ya boti ya faiba ngumu inawezekana kuigandisha sakafuni kwa epoksi isiyo na vipovu, sauti ikapita. Kupitia mbao haipiti vizuri, maana mbao ina hewa ndani yake. Kwenye mtumbwi fungia sonda kwenye bomba la inchi moja, libane ubavuni, ishuke sentimita 10 hadi 15 chini ya tumbo la mtumbwi, uso wake ukitazama chini wima.

Waya umekatika. Toa plagi, angalia pini moja moja kwenye mwanga. Pini iliyopinda huonekana. Kisha itoe sonda majini, ichomeke, uiweke karibu na sikio kwa sekunde chache: sonda nyingi za 200 kHz hutoa sauti ya tiktiki. Tiktiki ikisikika, umeme unafika. Kimya kabisa, shuku waya au sonda yenyewe. Waya wa sonda usiukate kuufupisha na usiuunge kama waya wa taa, kwa sababu una kinga ya ndani dhidi ya kelele, na ukishaikata umefungua mlango.

Samaki hawaonekani, na majirani wanavua

Hapa panahitaji muda, kwa sababu jibu la mchana si jibu la usiku.

Mchana sambaza wanashuka na kukaa kwa makundi mazito, mara nyingi kati ya mita 20 na 50. Kwenye kioo wanatokea kama bonge au wingu lenye kiini cha rangi kali. Usitegemee kuona tao moja moja kama kwenye picha ya boksi. Tao hutokea samaki mmoja mkubwa anapopita ndani ya koni ya sauti inayotoka kwenye sonda huku chombo kikisogea. Sambaza mia kwa mia hawachori tao, wanachora doa. Ukiwasha Fish ID, doa hilo linaweza kugeuzwa samaki mmoja mnene au kufutwa kabisa. Ndiyo maana tumesema izimwe.

Usiku, chini ya taa, wanapanda na kutawanyika kwenye mita za juu kabisa. Hapo ndipo kichujio cha uso wa maji, kile kinachoitwa «Clarté de surface» au jina linalofanana, kinapoharibu kazi. Kazi yake ni kufuta ukungu wa mita za juu unaosababishwa na mawimbi na vipovu. Mashine haijui kutofautisha ukungu na sambaza, inafuta vyote. Kizime. Badilisha upeo uwe 0 hadi 40, na ukubali kwamba mita mbili au tatu za kwanza zitakuwa chafu.

Jambo la tatu ni upana wa koni. Sonda nyingi za kawaida zina koni ya nyuzi 20 hivi kwenye 200 kHz na nyuzi 60 hivi kwenye 83 kHz. Kwenye mita 50, ya kwanza inaangaza duara la mita 18, ya pili duara la mita 58. Kwa kutafuta kundi mchana ukiwa unatembea, 83 kHz inakupa nafasi zaidi ya kulikuta. Kwa kujua kama liko chini yako hasa, ndani ya wavu, rudi 200 kHz. Kundi linaloonekana kwenye 83 na kutoweka kwenye 200 liko pembeni, sogeza chombo.

Kwenye mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti, mstari ulionyooka usiopanda wala kushuka ni wavu wenu wenyewe. Unafaa: samaki walio juu ya mstari huo ndio mtakaoinua. Walio chini yake wahesabie wengine.

Kwenye ghuba ya Kabuno usipoteze muda chini ya mita 12 hivi. Oksijeni inaishia hapo, mapema kuliko kwenye ziwa kuu. Weka 0 hadi 20. Na usiku wa mwezi mpevu taa inashindwa na mwezi, samaki hawakusanyiki. Hilo si la mashine.

Kioo kimejaa mvua, michirizi au nukta

Uchafu wa umeme una tabia: unafuata kitu fulani kinachowashwa. Kwa hiyo mtihani ni kuzima. Simamisha motere, zima taa zote, zima simu inayochajiwa, tazama kioo kikiwa kisafi. Kisha washa kimoja kimoja, ukisubiri nusu dakika kila mara.

Mara nyingi mkosaji ni taa za LED za kuvulia. Ndani yake kuna kigeuzi kidogo kinachokata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na katika taa za bei nafuu hakuna kitu cha kuzuia kelele hiyo isitoke kupitia waya. Inverta ya volti 220 ni mbaya zaidi. Motere nayo hutoa michirizi inayoongezeka kadiri unavyokanyaga.

Dawa, kwa mpangilio wa bei: tenga waya wa sonda na waya wa taa kwa angalau sentimita 30, na vikikutana vipishane kama msalaba, visilale sambamba. Ziada ya waya wa sonda usiizungushe karibu na batri. Kisha ipe mashine batri yake, isiyogusana na ya taa hata kwa upande wa hasi. Hatua hizi mbili humaliza kesi nyingi. Kikibaki kidogo, bana pete ya feriti (pete inayozuia kelele za umeme) kwenye waya wa umeme wa mashine, karibu na plagi, ukiupitisha mara mbili ndani yake. Kichujio cha kelele cha menyuni kije mwisho, kwenye ngazi ya chini, kwa sababu nacho kinakula samaki wadogo.

Ikiwa nukta zinakuja na kutoweka kwa vipindi huku kila kitu chako kimezimwa, tazama jirani. Mashine mbili za masafa yaleyale zikiwa mita chache kutoka kwa kila mmoja zinasikilizana. Mmoja ahamie 83.

Samaki au sakafu ambayo haipo

Mwangwi wa pili ndio rahisi kuutambua: sakafu ya mita 6 inachorwa tena kwenye mita 12. Sauti imegonga chini, ikarudi, ikagonga uso wa maji, ikashuka tena. Shusha unyeti.

Gumu ni hili, na ni la maji marefu kama yetu. Ukiwa juu ya mita 400, mwangwi wa sakafu unarudi baada ya sekunde 0.54 hivi. Lakini mashine uliyoiweka 0 hadi 80 haisubiri muda huo. Inapiga tena na tena. Tuseme inapiga mara 8 kwa sekunde. Mwangwi wa zamani unaingia sekunde 0.037 baada ya mpigo mwingine, na mashine, ikidhani ni wa sasa, inauchora kwenye mita 27 au 28. Hasa hapo unapotegemea sambaza! Hutokea zaidi kwa 50 au 83 kHz, ambazo zinafika mbali.

Namna ya kuiumbua sakafu hii ya uongo: ingia kwenye kasi ya mpigo («Vitesse de ping»), ibadilishe. Samaki wa kweli atabaki kwenye kina chake. Sakafu ya uongo itaruka. Kwa mfano ule, ukishusha hadi mara 5 kwa sekunde itahamia mita 102, nje ya kioo chako. Acha kasi hapo.

Nguzo zilizoinama zinazopanda kutoka sakafuni, karibu na pwani upande wa Goma kuelekea Kabuno, mara nyingi ni vipovu vya gesi. Kipovu kinarudisha sauti kwa nguvu kuliko samaki. Chombo kikisimama, nguzo inabaki palepale. Kundi la samaki lingepita. Ukiamua kuvuta mtumbwi ufukweni kurekebisha sonda sehemu hizo, usiingie kwenye vibonde vya chini, hasa alfajiri isiyo na upepo: mazuku, ile gesi nzito ya kaboni dioksidi inayotuama mabondeni, haina rangi, na anayeinama ndiye anayeivuta.

Utando mwembamba ulionyooka kwenye makumi ya mita, unaoonekana unyeti ukiwa juu tu, unaweza kuwa plankitoni au mahali maji ya juu yanapokutana na maji mazito zaidi. Uache. Ni alama kwamba unyeti wako uko vizuri.

Inapoteza sakafu mkishika mwendo

Hewa inapita chini ya sonda. Kwa boti yenye motere nyuma, uso wa sonda uwe milimita 3 hivi chini ya tumbo la boti, na isiwe karibu na panga la motere kuliko sentimita 38. Panga likizunguka kama saa ukilitazama kutoka nyuma, funga upande wa kulia, ambako mabawa yanashuka na povu ni dogo. Isiwe nyuma ya ubao wowote uliochomoza wala safu ya misumari. Kila kimoja kinaacha mstari wa mapovu.

Bado ikipoteza, ishushe milimita 3 nyingine, jaribu kwa mwendo uleule, rudia. Ikianza kurusha maji juu kama bomba, umeshusha mno. Angalia pia mwinamo: boti ikiwa na abiria na mizigo yake ya kawaida, uso wa sonda uwe sambamba na maji. Kuipima boti ikiwa tupu gatini ni kujidanganya.

Kina kinachosomwa si sahihi

Tafuta mahali tambarare pa mita 5 hadi 10. Funga jiwe kwenye kamba uliyoitia alama kila mita, shusha mpaka igonge, linganisha. Tofauti ikiwa ileile mahali pawili tofauti, ni kimo cha sonda. Sonda ikiwa sentimita 40 chini ya uso wa maji, weka +0.4 kwenye «Décalage de quille» ili usome kina kutoka usoni. Ukitaka kujua maji yaliyobaki chini ya tumbo la chombo, weka hasi ya umbali kutoka sonda hadi sehemu ya chini kabisa.

Tofauti ikikua kadiri kina kinavyokua, kwa asilimia 2 au 3, mashine imewekwa kwenye maji ya chumvi. Sauti inakwenda haraka zaidi baharini: takriban mita 1,530 kwa sekunde kwenye maji ya joto, dhidi ya 1,490 hivi kwenye ziwa letu lenye nyuzi 23 au 24.

Kwenye miteremko mikali ya pwani zetu kuna kosa ambalo halirekebishwi na menyu. Koni pana inagusa kwanza ukuta wa juu wa mteremko, na mashine inasoma huo. Jiwe lako litasema 30, kioo kitasema 22. Tumia 200 kHz, kosa litapungua, halitaisha.

Samaki wanaonekana mashine ikiwa mezani

Ni maonyesho («Simulateur» au «Démo»). Muuzaji aliiwasha dukani ikapendeza, na wengine wanaivusha hivyohivyo hadi ziwani. Zima, kisha hakikisha inasema haioni sonda ikiwa imechomolewa.

Ukimaliza yote haya na mashine bado imenyamaza kwenye mita 10 za maji, azima sonda ya aina ileile yenye plagi ya pini zilezile, itumbukize ubavuni ukiishika kwa mkono. Ikisoma, nunua sonda. Isiposoma, kioo ndicho kigonjwa, na sonda yako usiitupe.